Futa Kumbukumbu

Jumatatu, 3 Machi

Seva ya hospitali imeganda tena. Mara tatu kabla ya saa nne! Wagonjwa wamejazana dirishani, mafaili hayafunguki. Daktari mkuu kaniita, hata kiti hakunikaribisha. Kasema ikifika Ijumaa haijatulia, funguo za chumba cha mitambo anapewa fundi mwenzangu, Vyeti. Vyeti! Mtu mwenye vyeti saba ukutani, cha saba cha kuogelea. Miaka kumi na tisa nimeilea mashine hii. Sitoi funguo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemnasa mwizi. Kumbukumbu ya mashine, ile inayofanyia kazi, imejaa pomoni. Nani kaishika? Mfumo wenyewe! Umerundika humo mafaili uliyokwisha kuyasoma, eti yatahitajika tena. Huu ni ulimbikizaji. Nimewapiga vita walimbikizaji wa bidhaa magazetini na vikaoni, sitamfuga mmoja kazini kwangu. Vyeti akasema, kaka, huo si wizi, mfumo unaazima nafasi iliyolala na kuirudisha ikitakiwa. Tazama diski, ndiyo inayokufa. Nikamjibu kwamba walimbikizaji wote hujitetea hivyo hivyo. Nimeandika amri ya kuifuta kumbukumbu hiyo kila dakika.

Jumatano, 5 Machi

Mashine inajikokota kuliko jana. Kila faili inalisoma upya, diski inakoroma chumba kizima. Dalili njema: adui anatapatapa. Tatizo, mashine ikiganda amri yangu inakatika. Mpango mpya! Nimembandikia karatasi Mama Masjala, mtunza mafaili ya wagonjwa: “Mashine ikizubaa, futa kumbukumbu. Usiulize.” Nenosiri langu nimemwachia. Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akauliza, kumbukumbu zipi, baba watoto? Nikamwambia mwalimu wa jiografia asinifundishe kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tatu mashine ikazubaa. Mama Masjala akafuta kumbukumbu. Za wagonjwa. Wodi nzima ya wazazi, miaka sita. Akaja mbio, uso unang'aa: tayari baba, nimefuta hadi za mapacha!

Nikakaa chini. Kulikuwa na mama anasubiri upasuaji, na hakuna tena aliyejua kundi lake la damu. Wakampima upya. Nilisimama ukumbini karibu saa nzima, namsikia mumewe akiuliza kila apitaye kuna nini. Mama mzima, mtoto mzima.

Vyeti alirudisha mafaili yote kutoka nakala ya akiba aliyoitunza kimyakimya, kwa sababu, alimwambia daktari, ananijua. Akabadili diski, akaondoa amri yangu. Mashine ikatulia tuli. Wala hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekabidhi funguo. Nimehamishiwa wodi ya watoto, nitunze kompyuta yao moja. Daktari mkuu kasema huko hakuna nitakachoharibu.

Nimejikosoa bila huruma. Kosa lilikuwa la lugha: neno moja, maana mbili. Kuanzia leo naandika maneno yasiyo na utata. Na kazi ipo! Kompyuta hii inaelemewa: kila programu inazaa nyingine ndogo, ambazo sisi mafundi huziita watoto, na iliyozizaa mzazi, nazo zinabaki humo zikila nguvu bure. Dawa yake naijua. Nimeibandika mlangoni mwa wodi, herufi kubwa, wauguzi wote waione:

“MKIELEMEWA, UENI WATOTO WOTE. WAZAZI MSIWAGUSE.”

Hapo hata Mama Masjala angeelewa.