Fangasi Saba na Ufunguo Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Leo ni leo! Mkuu wa maabara katangaza: atakayepata aina nyingi zaidi za fangasi wa ngozi kutoka udongoni, kwa wiki tatu, atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha hadubini. Miaka kumi na mmoja naosha visahani vya watu. Ufunguo huo ni wangu! Mshindani ni mmoja tu, Bi Glavu wa meza ya pili, ambaye hata kalamu huishika kwa glavu. Nimemwambia ajiandae kulia. Akasema kwa sasa anajiandaa kuchemsha nywele.

Jumanne, 5 Machi
Kazi yenyewe rahisi. Udongo mbichi kwenye kisahani, nywele juu yake. Fangasi wakiwemo, watakuja kula. Kinyozi kanipa mfuko mzima wa nywele. Mwongozo unataka zichemshwe kwanza. Kwani ni maharage? Nimezitandaza hivyo hivyo. Udongo nimeuchota kwa mikono mitupu, mwingi kutoka banda la kuku la mama mkwe. Akauliza naiba kuku yupi. Nikamjibu naiba kinyesi tu, kwa ajili ya sayansi. Hakucheka.

Jumatano, 13 Machi
Wameota! Weupe, wa njano, wengine kama unga uliomwagika. Aina sita! Bi Glavu anazo nne. Kaniomba, kwa adabu kabisa, konzi moja ya nywele zangu za kinyozi. Nimempa. Anayeshindwa asinyimwe kumbukumbu.
Dosari moja: mkono wa kushoto unawasha. Duara jekundu, kingo zimeinuka. Mke wangu kasema ni choa, kisha kanihamishia kwenye kochi, mimi na mto wangu.

Alhamisi, 14 Machi
Wazo! Choa si fangasi? Nimekwangua magamba ya mkono, nikayapanda kwenye kisahani. Nimeandika: Namba Saba, banda la kuku. Si uongo. Mkono ulikuwa huko.

Jumatatu, 25 Machi
Aibu gani hii! Bi Glavu alizitia zile nywele kwenye kisahani kitupu. Maji tu, udongo hamna. Wakaota wale wale sita! Mkuu kasema mbele ya wote kwamba sikutega udongo, nimetega vichwa vya wateja wa kinyozi, na mapunye yao yote. Sita zikafutwa. Ikabaki Namba Saba, ambayo kwenye nywele zile haikuwemo. Akaisifu sana, akauliza niliitegaje. Nikakunja mkono wa shati.
Bi Glavu kavaa glavu ya pili juu ya ya kwanza. Ufunguo kapewa yeye, na mimi nimeandikwa kwenye daftari la maabara kama mgonjwa. Imeniuma sana. Nimelia chooni, dakika chache tu.

Jumanne, 26 Machi
Nimeamka mpya. Ipo kazi nyingine: udongo wa zizi la mbuzi, na mshindi atapata chumba chake mwenyewe! Mfamasia kanipa dawa ya kupaka. Nimeifungia kabatini, isije ikaharibu kazi. Bi Glavu kanishauri nivae buti, kwa ule upole wake unaokera. Nikamshukuru.
Nimeingia zizini, nimevua viatu. Mkono mmoja ulileta aina moja. Miguu ninayo miwili.