Mzazi Naye Afanyiwe Usaili

Asubuhi ile gazeti liliandika kwamba shule za msingi za Kiislamu zimejaa mpaka zinakataa watoto. Benchi la nje ya kibanda changu likachangamka. Mimi ni kinyozi, nanyoa huku nasikiliza, na sijawahi kuona watu wasio na mtoto wa kuandikisha wakigombania elimu namna ile.

“Dini mtoto afundishwe nyumbani,” alisema Profesa, karani mstaafu. “Darasani aulize kwa nini mvua inanyesha.”

Ustadhi, fundi wa kushona kanzu, akaweka kikombe chini. “Akishajua, nani atamfundisha kumsaidia jirani aliyevujiwa? Kwetu hesabu ni ile ile, na adabu juu.”

“Adabu ya kukariri.”

“Afadhali hiyo, kuliko watoto wenu wanaomsalimia mwalimu kwa kidevu.”

Spana, fundi baiskeli, ndiye pekee mwenye binti wa kuanza darasa la kwanza, na alikuwa amenuna. Nikamchokoza: “Wako unampeleka wapi, kaka?”

“Kafanyiwa usaili shule zote mbili, ya Kiislamu na ya kawaida. Kapita kote.”

“Sasa umenuna nini?”

“Wanamsaili pia mzazi anayekaa na mtoto jioni. Mke wangu jioni yuko zamu, nikaulizwa mimi. Nimefeli kote. Jumatatu narudia, nikikosa tena nafasi anapewa mwingine.”

Profesa akacheka mpaka miwani ikateleza. “Hebu lete swali la kwetu.”

Spana akakunjua karatasi yenye grisi. “Kuku, popo, mbuni, eropleni. Kipi kimoja si cha kundi hili, na kwa nini?”

“Rahisi. Eropleni, haina uhai.” Akajikuna. “Ila mbuni haruki. Na popo ananyonyesha. Aa, swali lenyewe bovu. Enzi zetu swali lilikuwa na jibu.”

Ustadhi akajipiga paja kwa raha. Spana akamgeukia. “Kwenu wameniuliza dua ya kuvaa nguo mpya.”

Mtu anayeshona kanzu kumi kwa wiki akakohoa, akaanza kwa sauti, akanong’ona katikati, akamalizia na amina.

“Hiyo ndiyo niliyowapa,” Spana akasema. “Wakaniambia ni ya kula.”

Nilicheka peke yangu.

“Tulipotoka, binti yangu akaniuliza: baba, kama hujui, unanichagulia vipi?”

Swali lile lilinichoma hata mimi nisiyehusika. “Ukamjibuje?”

“Nikamwambia achague yeye. Kachagua yenye darasa la wazazi jioni.”

“Ipi hiyo?” Profesa na Ustadhi wakauliza pamoja, kila mmoja akinusa ushindi.

“Zote zinalo. Kasema nianze kokote, yeye atanifuata.” Akainuka, akajifuta mikono. “Naanza leo, sitaki anione tena nikitoa macho. Nani tunakwenda naye?”

Profesa akakumbuka ana miadi. Ustadhi akakumbuka kanzu ya mtu. Nikageuka nimalize kichwa nilichokuwa nanyoa, nikakuta kiti kitupu. Mteja naye alikuwa ameshatoroka ng’ambo ya barabara, nusu amenyolewa.