Suti ya Mwalimu Eksi

Muuza nyama alikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, amekikodolea macho kibao kipya cha duka lake, hajui aandike nini. Chini yake akasimama Mwalimu Eksi. Mtu huyu hakuwahi kufundisha hata kifaranga kunywa maji, ila tai alikuwa nayo, na mdomo pia.

"Kaka, usiandike 'Nyama'. Nyama kila mtu anauza. Tafuta neno la Kiingereza lenye eksi."

"Kwa nini eksi?"

"Iangalie ilivyokaa! Imekunja mikono kama tajiri anayesubiri kuamkiwa."

Muuza nyama akaichora hewani kwa brashi. Kweli bwana, imekunja mikono.

Basi akauziwa ANTHRAX, ambalo Mwalimu alisema maana yake ni nyama laini, hata kibogoyo anatafuna. Kinyozi wa jirani roho ikamuuma, naye akanunua la kwake: TOXIC, yaani mkono mwepesi. Maneno hayo Mwalimu aliyaokota kwenye maboksi ya duka la dawa za mifugo, alikowahi kubeba mizigo. Maana zake alizitunga mwenyewe, na hizo hakutoza kitu, mtu ana utu wake.

Mapato yote aliyashonea ndani ya bitana ya koti lake kuukuu. Kilichobaki ni suti tu. Alitaka kuhamia mji wa pili, kwenye maduka makubwa, na matajiri wa huko hawamsikilizi mtu ambaye kiwiko chake kinachungulia nje. Akaenda kwa fundi cherehani, mama mmoja mwenye sauti ya upole na pini mdomoni.

"Mama, wewe nimekuwekea lililo bora. EXPIRED. Maana yake mtindo mpya, wenyewe Wazungu bado hawajauona."

"Jamani, mwanangu! Na mimi nikupe nini?"

"Suti tu, mama. Sina makuu."

Fundi akampima mabega, akampima kiuno. Alipogusa pindo la koti, vidole vyake vikasita kidogo, kisha vikaendelea na safari.

Siku ya kujaribisha, akamfungia pazia. "Vua vyote, mwanangu, bakiza bukta na tai. Koti nipe nilitundike. Hii nimeishikiza kwa uzi tu, tuone inavyokaa, ndipo niipige mashine. Usiinue mikono."

Lakini Mwalimu hakuwa akisikia. Alikuwa mbele ya kioo, anajipenda mpaka anajionea wivu.

Ghafla kelele nje. Daktari wa mifugo alikuja kununua maini, akasoma kibao, akakaa chini barabarani kwa kucheka.

"Kimeta!" muuza nyama alikuwa akilia. "Nimeandika nauza kimeta!"

"Wewe una nafuu," kinyozi akajibu. "Mimi nanyoa watu kwa sumu! Yuko wapi huyo mwalimu?"

"Yumo humu, njooni!" fundi akaita, na upole wote ulikuwa umehama.

Mwalimu akaruka dirishani. Mkono wa kushoto wa suti ukabaki kwenye komeo.

"Taratibu, mwanangu, sijapiga mashine!"

Akapiga hatua, mguu mmoja wa suruali ukashuka. Akashika huo, mgongo ukafunguka kama pazia.

"Koti langu, mama! Nirushie koti!"

"Aa, zito hilo, litakuumiza!" Tayari mkasi ulikuwa kwenye bitana, muuza nyama na kinyozi wamekinga mikono pembeni. "Wenyewe wachukue chao. Kitakachobaki ni hela ya ufundi wangu."

Mwalimu akakimbia. Alipofika njia panda alikuwa amebakiwa na kola, tai na bukta. Mwanamke mmoja muuza ndizi akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akarudia tena polepole.

"Kaka, na huo nao ni mtindo gani?"

Mwalimu akaiweka tai sawa.

"Ekspaya. Maana yake umeisha muda," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa ametoa maana sahihi.