TSH Yangu Iko Chini

Jumatatu, 3 Septemba 2007. Njoro.

Koti la harusi limekataa kufunga. Kifungo kimeruka mpaka chini ya kabati. Desemba wageni wanakuja kwa koito, kumposa binti yetu Jemutai, na siku hiyo baba hukaa mbele, wote wakimtazama. Kipkemei, ndugu ya mke wangu, alikuwepo kifungo kikiruka. Akasema nisikae karibu na tangi la maji, wageni wasije wakadhani tuna mawili. Shemeji gani huyu?

Nina mpango. Chepkurui, mke wangu, alifanyiwa operesheni ya goita mwaka juzi. Kabla ya hapo alikuwa mwembamba, joto jingi, mbio kutwa. Baada ya kukatwa akanenepa, akawa wa kusinzia, mpaka walipompa vidonge. Basi vidonge ndivyo vinavyokondesha. Kwani mpaka nisomee udaktari? Nimechota vichache kwa chupa yake, pengo nikajaza vya vitamini. Vyote vyeupe, vyote vidogo.

Alhamisi, 20 Septemba

Mshipi umeingia tundu jipya. Safi sana. Lakini moyo nausikia masikioni. Kazini, kwa stoo ya ngano, nimeandika magunia mkono ukitetemeka, meneja akauliza kama siku hizi nakunywa. Nikasema ni baridi ya Njoro. Huku jasho linanitiririka.

Anayeshikwa na baridi ni Chepkurui. Amevaa sweta mbili na analala kabla ya habari. Nimeona ni heri. Mtu aliyelala hachunguzi chupa.

Jumanne, 2 Oktoba

Owino jirani amenisukuma nikapime damu. Ati macho yangu ni ya mtu anayefukuzwa. Nimeenda maabara karibu na soko. Mama wa pale akasema ni kipimo cha thairoidi, kinaitwa TSH, yangu iko chini kabisa, nione daktari haraka.

Daktari wa nini? Kitu kikiwa chini kinaongezwa, hata mafuta ya taa. Nimeongeza vidonge.

Ijumaa, 5 Oktoba

Chepkurui ameanguka akikamua ng'ombe. Miguu imevimba, sauti imekuwa nzito kama ya mwanamume. Kipkemei akampeleka kupimwa. Niliogopa, kusema ukweli. Bila huyu mama hakuna boma hapa.

Jioni nikachungulia karatasi yake. TSH juu, juu sana! Nikashusha pumzi. Kumbe yeye amezidiwa nazo na mimi sina. Kumpunguzia ndiyo kumsaidia. Nimechukua vyote vya kweli vilivyobaki, nikamwachia vitamini. Ndoa ni kusaidiana.

Jumatatu, 15 Oktoba. Nakuru.

Wiki jana moyo ulinitoroka kanisani, nikaanguka kwa benchi la wazee. Kipkemei akatupakia kwa pikapu, mimi na mke wangu, mpaka kwa Daktari Reena, anayemtibu Chepkurui. Akatoa damu. Leo akatuita kwa majibu.

Alieleza polepole na bado nikapotea. Ati TSH si homoni ya thairoidi yenyewe. Ni amri inayotoka kichwani, kuiambia thairoidi, tezi ya shingo, ifanye kazi. Homoni zikijaa, kichwa kinanyamaza, TSH inashuka. Zikikosekana, kichwa kinapiga kelele, TSH inapanda. Kwa hivyo chini ni juu na juu ni chini. Niliomba maji ya kunywa.

Hakuwa amemaliza. Homoni za tezi ni mbili, T3 na T4, na zinaweza kuzidi kwa sababu nyingi. Tezi ikichapa kazi kupita kiasi, mara nyingi T3 ndiyo huongoza. Kwangu imeongoza T4, na vidonge vya mke wangu ni T4 tupu. Tezi ikiwa na uvimbe inaweza kumwaga T4 pia, lakini ingeacha protini yake kwa damu. Kwangu protini hiyo karibu haipo. Tezi yangu imelala fofofo. Akaniuliza, kwa upole sana, homoni hizi zimetoka kwa chupa ya nani.

Nikatazama dirisha. Kipkemei akanitazama mimi. Chepkurui hakunitukana. Kwa ile sauti nzito aliuliza tu kama nilijua angeweza kufa. Nililia, na Kipkemei akiona.

Jumapili, 21 Oktoba. Njoro.

Chepkurui amesimama jikoni leo. Bado anachoka upesi, lakini amesimama. Nimemshukuru Mungu kwa moyo wote. Chupa mpya anaiweka kifuani, mahali ambapo kwa sasa sina ruhusa.

Mimi nimepewa vidonge vya kupunguza mbio za moyo mpaka homoni ziishe mwilini. Na nimeapa mbele ya wazee wa kanisa: dawa ya mke wangu sitaigusa tena maishani. Hilo nitalitimiza.

Lakini tumbo linarudi. Owino anasema mamake hupewa vidonge vya presha vinavyotoa maji mwilini, na amepungua mpaka viatu vinamtoka. Tumebadilishana. Amepeleka vyangu vya moyo kwa mamake, maana moyo na presha ni jirani tu. Na hivi si vya mke wangu, kwa hivyo kiapo hakijaguswa.

Mamake humeza kimoja kila asubuhi. Lakini yule ni mama mdogo wa mwili. Mimi nimemeza viwili.