Malalamiko Kuhusu Farhan na Mlima Usio na Matuta

Kikundi cha Mwethya cha Wakulima,
Mitaboni,
Machakos.

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Safari za Nanga Njema,
Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: FARHAN, MWONGOZA WATALII WENU, NA HASARA ALIYONILETEA

Pokea salamu za wakulima wa Mitaboni, ambao wote ni wazima isipokuwa mimi. Nimekuwa mwenyekiti wa kikundi hiki tangu kilipoanzishwa, na ninaandika upesi kwa sababu Jumamosi kuna uchaguzi na huenda Jumapili nikawa mtu wa kawaida.

Utakumbuka kwamba mwezi wa nane mlitupeleka Visiwa vya Komoro kuona milima ya volkano. Tuliweka akiba ya maembe misimu mingi kwa ajili ya safari hiyo. Ndege haikuwa na kasoro. Chakula cha hoteli hakikuwa na kasoro, ingawa pweza si kitu cha kumwekea Mkamba mezani bila kumwandaa. Kasoro ilikuwa Farhan, na ninaieleza kwa nambari ili usiseme nimeropoka.

1. Tangazo lenu liliahidi volkano iliyo hai. Tulipofika Karthala, mlima ulikuwa umelala fofofo. Hakukuwa na moto, hata moshi wa jiko moja. Farhan alituambia tumshukuru Mungu kwa hilo. Bwana Mkurugenzi, milima iliyolala tunayo kwetu, tunailima, na hakuna anayetutoza kuitazama. Mzee Kyalo alikuwa amebeba mahindi mabichi kutoka nyumbani ili ayachome pale juu, na alishuka nayo vilevile, akiwa amenuna.

2. Kwa siku mbili tulimteta Farhan kwa Kikamba, naye akitembea mbele yetu na tabasamu lake. Tulisema kiatu chake kimoja kinalia. Tulisema mwendo wake ni wa bata. Mutindi, mweka hazina wetu, alisema kijana mzuri hivi mbona hana mke. Siku ya pili jioni akageuka, akatujibu yote moja baada ya jingine kwa Kikamba safi kuliko cha katibu wetu. Kumbe ni mtoto wa Machakos mjini, baba yake ana duka la vitambaa karibu na msikiti, na nyanya yake mzaa mama yuko Kathiani mpaka leo. Kampuni yenye adabu ingetuonya. Tangu saa hiyo wanachama wakaanza kumwita mwana wetu, na mimi sikuulizwa.

3. Lalamiko hili nimeliondoa baada ya mke wangu Kamene kulisoma.

4. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilifika na hatukupewa hata mpini. Farhan alituacha kwenye kivuli katikati ya mteremko, akarudi chini kumtafuta Mzee Kyalo, aliyekuwa amebaki nyuma akipapasa ardhi kutafuta penye joto. Sisi tukautazama ule mteremko. Maji ya mvua yameukata korongo refu, udongo mweusi mzuri unateremka kwenda baharini, na hakuna aliyeweka hata tuta moja la kuuzuia. Kwetu mtu akiacha shamba hivyo, binti zake hawaposwi.

Sikutoa amri, na hili ninalisisitiza. Mwikali, mmoja wetu, alianzisha wimbo tu. Lakini mwethya ni kazi ya kusaidiana, na ukishaanza hauna breki. Tukapanga mistari, tukapokezana mawe, na Farhan aliporudi alikuta kuta imara zikikata njia ya watalii kutoka ukingo hadi ukingo, na Waitaliano wawili tusiowajua wakibeba mawe pamoja nasi na kuharibu wimbo.

Mtu mwingine angepiga makofi. Farhan alisema pale ni hifadhi, na kila jiwe lirudi lilikotoka. Mimi kama mwenyekiti nikapanda juu ya ukuta, nikatangaza kwamba hakuna jiwe litakalorudi popote. Hapo ndipo Farhan akafanya jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii. Aliwageukia wanachama, akauliza kwa upole, "Kuna mtu amechoka?"

Bwana Mkurugenzi, wote walikuwa wamechoka. Kumbe walikuwa wamechoka tangu kikundi kilipoanzishwa. Mutindi alitokwa na machozi akisema hajawahi kuulizwa. Wakakaa, wakanywa maji, kisha wakabomoa zile kuta wenyewe kwa wimbo uleule, nami nikiwa nimesimama juu ya ukuta wa mwisho mpaka ukaisha.

5. Madhara yamenifuata nyumbani. Nikihutubia mkutano, mtu huuliza kama tutasimama mahali pa kupiga picha. Juzi tulipokwenda kuchimba mtaro kwa Kanini, mwanachama mwenzetu, hakuna aliyeshika jembe kabla ya kuhesabiwa na kuulizwa kama ameamka salama. Sasa wanataka Farhan awe mwenyekiti. Niliwaambia katiba yetu inataka mtu mwenye shamba Mitaboni. Mutindi akamkatia kipande cha shamba lake, tena chenye miembe. Nikasema katiba inataka mtu anayejua kulima. Jumapili iliyopita Farhan akaja, akalima. Nikawakumbusha kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, wakanijibu kwamba mbachao wenyewe umejaa viraka.

Nimeumia, na sioni haya kusema. Kikundi hiki nilikianzisha mwaka wa ukame, tulipokuwa tukila muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, bila maharagwe, na wakati huo hakuna aliyekuwa akigombania kusimama mbele. Nikikosa kiti hiki, sijui nitaamka asubuhi niende wapi.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Mniandikie barua yenye muhuri inayosema kwamba upole wa Farhan ni mali ya kampuni na unaisha muda wake uwanjani, ndege ikitua. Pili, mumhamishie mahali tambarare pasipo na wakulima, ikiwezekana jangwani. Tatu, wateja wenu wa Machakos siku zijazo wapewe mtu mwenye hasira za kawaida, wasije wakarudi makwao wameharibika.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisi, rubani, yule mama wa hotelini aliyeshona suruali yangu, na Waitaliano wale wakipita tena. Mzee Kyalo anasalimu pia, na anauliza mlima utaamka lini.

Ni mimi ambaye bado ni,
Wathome wa Mitaboni,
Mwenyekiti.

Tanbihi: Nilichelewa kwenda posta na uchaguzi umeshafanyika, lakini ninaituma barua hivi hivi kwa kuwa imekwisha kubandikwa stempu. Msimhamishe Farhan. Tulipiga kura kwa mlolongo, kila mtu asimame nyuma ya amtakaye. Nyuma yangu alisimama Kamene, peke yake. Farhan akautazama mstari wake mrefu ulivyokuwa unachomwa na jua, akainua mkono, akasema twendeni taratibu kwenye ule ukumbi wa kanisa tukahesabiwe ndani. Miguu yangu ikamfuata. Nilikuwa nimeshaingia mlangoni, katikati ya wapiga kura wake, ndipo nikatambua nilichofanya. Kamene akanivuta shati akaniuliza tunakwenda wapi, nikamwambia anyamaze, Farhan anaeleza.