Husuda ya Kificho Yapelekwa Maabara

Jumatatu, 5 Mei 2025

Ndama wangu kafa! Pale pale zizini, mbele ya mama yake, Tunu. Mke wangu Mize kalia, mie nimelia zaidi. Mfugo mwengine sina ila Tunu. Maziwa yake ndiyo yanayotulisha.

Muuaji namjua. Kificho, jirani yangu wa hapa hapa kijijini Ole. Juzi kapita, kamsifu ndama manyoya yanang'aa, kaondoka. Mashaallah hakusema! Jicho la husuda tupu.

Nimepata akili. Mjini Chake Chake kuna maabara ya mifugo, wanapasua mnyama wanaona kilichomuua. Nitataka cheti chenye mhuri kwamba ni jicho la Kificho, nimpelekee sheha amchukulie hatua. Shida usafiri. Gari la ng'ombe la karibu ni la Kificho mwenyewe. Nimekwenda kuliazima. Kanipa, kanipa na pole, kasaidia hata kumpakia ndama. Mnafiki mkubwa!

Jumanne, 6 Mei

Daktari wa maabara ni binti mpole, Bi Kauthar. Nimemweleza nataka kipimo cha husuda. Hakucheka. Kavaa glavu, kapasua. Mapafu yamejaa povu. Tezi chini ya sikio imevimba kama yai la bata. Kaikata, kaigusisha kwenye kioo, kakitia rangi, kaniita nitazame kwenye hadubini.

Subhanallah! Nimeishi na ng'ombe tangu nizaliwe, sikujua ndani yao mna nchi nzima. Viduara vya zambarau, vingi, na ndani yake vijidoa vya buluu. Kasema vijidoa vile ndivyo vilivyomuua. Ndigana kali, inaletwa na kupe. Nimetazama mpaka machozi yakanitoka, sijui kwa huzuni au kwa ajabu. Kidudu kidogo vile kimeangusha ndama mzima! Na huyu binti kakiona!

Nikamuuliza, kwa adabu, jicho la Kificho liko upande gani wa kioo. Kaweka kalamu chini.

"Mzee Nyange, ndama hatuwezi kumrudisha. Mama yake jana kala?"

Tunu tangu jana hajagusa majani.

Jumatano, 7 Mei

Watu wa maabara wamekuja wenyewe, asubuhi. Tunu ana homa. Wamemtoa damu, wamemchoma sindano. Bi Kauthar kasema tumewahi. Tungechelewa kidogo tungemfukia naye.

Kisha kanionyesha ramani kwenye simu. Pemba yote, mpaka Kisiwa Panza, kila mnyama waliyempima ana kidoa chake. Hivyo ndivyo wanavyouona ugonjwa unakoelekea, wakawahi kuwaonya watu. Ndama wangu yumo! Kwa ajili yake ng'ombe wa watu nisiowajua watapona. Kificho hana kidoa hata kimoja.

Kaniagiza Jumamosi nimpeleke Tunu kwa bwana mifugo, anakuja hapa Ole kupuliza dawa ya kupe. Na sampuli yoyote ya kupimwa niipeleke maabara mbichi.

Jumamosi, 10 Mei

Tunu kala! Kasimama, kanilamba mkono. Nimetoka zizini nikasujudu kushukuru.

Nilipoinuka nikapata akili tena. Kama kupe ndio waliomuua ndama, kupe hao wana mwenyewe. Nimejipenyeza kwa Kificho kuwatafuta kwa ng'ombe wake. Hamna hata mmoja! Kanikuta, kasema yeye dawa hakosi kupuliza. Ushahidi gani tena nautaka? Kupe wake wote kawahamishia kwangu!

Nimerudi mbio, nimewabandua kupe masikioni mwa Tunu, nimewatia chupani. Kifuniko nimekitoboa wapate pumzi, maana sampuli iwe mbichi. Nikamwambia Mize leo Tunu asipulizwe, mashahidi waliobaki watakufa. Yeye kamfungua kamba, kampeleka, na Kificho kamsaidia kumvuta. Mke wangu mwenyewe!

Chupa nimeificha chini ya mto wangu wa kulalia.

Jumapili, 11 Mei

Chupa tupu! Hamna hata mguu wa kupe. Mize kachukua mkeka wake kahamia kwa dada yake. Nami nawashwa kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio.

Basi nimefahamu. Jicho la Kificho limemwacha Tunu, limenigeukia mie. Kesho naenda Chake, Bi Kauthar anipime mie mwenyewe. Tena niondoke mapema, nifike bado mbichi.