Saa ya Utah Isivuke Mpaka

Juniper Gap, Arizona
Jumatano, 25 Machi

Kwa Mheshimiwa Meya na Waheshimiwa Madiwani,
Baraza la Mji wa Pruitt, Utah

YAH: KUOMBA MJI WENU UACHE KUSOGEZA SAA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima na kwa hasira. Heshima nilifundishwa na marehemu mama yangu, lakini hasira ndiyo iliyonunua stempu.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na saba, naishi maili nne kutoka ofisini kwenu, upande wa Arizona. Huku kwetu saa haiguswi mwaka mzima. Nyinyi kila Machi mnaisogeza mbele saa nzima, Novemba mnairudisha, na mnasema mnaokoa mwanga. Miaka kumi na tisa sikuwahi kulalamika, maana mtu akichezea saa yake, ni yake. Sasa mchezo wenu umeingia jikoni kwangu.

Tangu Novemba natembelewa na mkazi wenu, Bwana Delmont Ipson, dereva mstaafu wa basi la shule. Huja kula chakula cha jioni kila Alhamisi, saa kumi na mbili kamili. Majira yote ya baridi saa zenu na zetu zililingana, na mambo yakaenda vizuri. Kufikia Februari alishaanza kunitengenezea vitasa vya milango bila kuombwa. Kisha mkasogeza saa. Bado anakuja saa kumi na mbili kamili, ila ya kwenu. Kwangu ni saa kumi na moja. Nilimwomba afuate saa yangu, akanijibu kwa upole, "Bi Arvilla, miaka thelathini na moja sikumchelewesha mtoto hata mmoja. Nikianza kufuata saa za watu si nitapotea?"

Madhara niliyopata mpaka leo ni haya:

1. Chakula. Tarehe 12 alibisha hodi kuku akiwa bado mbichi kwenye sinia. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakupona.

2. Nywele. Nilimfungulia mlango nikiwa na rola kumi na moja kichwani na gauni la kulalia lililotoboka kwapani. Kwa miezi minne mtu huyu alimjua mwanamke mwenye nywele zilizotulia. Meno yangu ya juu yalikuwa wapi wakati huo, sitalieleza Baraza.

3. Mikate. Bwana Delmont ameshawatangazia wenzake kanisani kwamba hakuna mwanamke Utah nzima anayeoka mikate midogo kama yangu. Ni kweli, kwa sababu nainunua dukani, naipasha moto, na mfuko wake naenda kuutupa kwenye pipa la jirani. Tarehe 19 mfuko ulikuwa mezani. Akautazama. Nami nikautazama. Akachukua mikate miwili, na mpaka leo sijui ilikuwa kwa wema au kwa hukumu.

4. Kahawa. Kanisa lake linaikataza, na naliheshimu. Ndiyo maana hunywa yangu saa kumi na moja, vikombe viwili, kisha nafungua madirisha na kuchemsha mdalasini kufukuza harufu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi sikumwalika mtu mwingine aijue.

5. Majirani. Wakati wa baridi alifika giza limeshaingia. Siku hizi anaegesha pikapu jua likiwaka. Nedra wa nyumba ya pili ameniambia, "Mwenzangu, huyo bwana wako hata jua haliogopi!" Waheshimiwa, mwanga wote mliouokoa mmeumwaga kwenye ngazi za nyumba yangu.

Mtasema mwanga wa jioni unasaidia biashara, na watoto wanapata muda wa kucheza. Sipingi. Lakini watoto hao hao nawaona asubuhi wakisubiri basi gizani wakipiga miayo, na anayeamini jua limeongezwa aje anionyeshe lilikowekwa.

Niseme ukweli: naogopa. Kesho ni Alhamisi na sijui kama atakuja. Nimeshamzika mume mmoja, na nilidhani mambo haya kwangu yamekwisha. Nikimkosa huyu, nataka iwe kwa kosa langu, si kwa sheria yenu.

Kwa hiyo naomba mrudishe saa mara moja. Mkisema sheria ni ya taifa, basi nyumba moja tu, ya Bwana Delmont, itangazwe kuwa sehemu ya Arizona mpaka Novemba. Hilo likishindikana, jengeni geti mpakani, na kila anayetoka Utah azuiwe hapo kwa saa moja. Benchi nitatoa mimi, na maji ya limau. Na kama bajeti hairuhusu geti, basi Baraza lipitishe azimio kwamba kila Alhamisi ni Januari.

Nisalimieni karani wenu wa mapokezi, fundi wa saa ya mnara, ambaye najua naye anatumwa tu, na wake na waume zenu wote.

Ni mimi, niliyekutwa sijajiandaa,
Arvilla Teague (Bi)

Baada ya sahihi. Alhamisi, saa mbili na robo usiku, saa yangu. Bahasha sijaifunga. Amekuja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kwa hiyo nilimpa kisu na viazi. Alivimenya vyote, maganda manene ya kuhuzunisha, nami na rola zangu tukanywa kahawa mbele yake, maana sikuwa na la kuficha tena. Alipokuwa anavaa koti akaniuliza, "Novemba saa zikilingana, itabidi nirudi kukukuta umeshajipamba? Mwenzio nilikuwa naogopa hata kuegemea kiti." Nikamfunga vifungo vya koti.

Waheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu yafutwe. Novemba ikifika, nawasihi saa msizirudishe, ziacheni hapo hapo zilipo, milele. Ningeweza kumwambia aje saa kumi na moja, lakini mtu huyu mnamjua. Yeye huja saa kumi na mbili.